Mazda Demio ya dizeli: inamfaa nani hasa?

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye foleni ya Mabatini hapa Mwanza. Kama kwa mwezi unatembea kilomita zaidi ya elfu mbili, na nyingi ni za barabara kuu, Mazda Demio ya dizeli ya kuanzia 2014 ni gari ya kununua na pochi itakushukuru. Kama maisha yako ni Pasiansi kwenda mjini na kurudi, na Jumapili kanisani, achana nayo. Chukua Vitz, chukua Passo, chukua IST ya petroli, ulale usingizi.

Mimi nina duka la dawa za mifugo Buzuruga. Wateja wangu wakubwa si wanaoingia mlangoni, ni wenye maduka madogo ya Magu, Misungwi, Sengerema na Geita ambao nawapelekea mzigo: dawa za minyoo, dawa za kuogeshea, chanjo ya kideri ndani ya boksi la barafu. Mzigo wenyewe si wa kuhitaji pikapu, lakini chanjo huwezi kumkabidhi kondakta ukategemea ifike ikiwa ya baridi. Kwa miaka mingi nilitumia Toyota Raum. Gari nzuri, siwezi kuisema vibaya, ila lita moja ya petroli ilinipa kilomita kumi na moja, siku njema kumi na mbili, na mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naona faida ya chanjo yote imeishia sheli.

Kwa nini Demio? Kwa sababu ukitaka gari ndogo ya dizeli yenye mlango wa nyuma, iliyotoka Japani, uchaguzi ni mdogo mno. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi ameshika chupa ya masizi akatangaza vita na dizeli. Mwaka 2003 kanuni zikaanza kuyabana malori na mabasi ya jiji lile. Mjapani wa kawaida akaiona dizeli ni uchafu, na watengenezaji wakaiondoa kwenye magari madogo. Ndiyo maana leo ukizunguka yadi kuulizia Vitz ya dizeli dalali anakucheka. Mazda ndio waliorudi kwa kishindo: CX-5 mwaka 2012, kisha 2014 wakatoa injini ndogo ya cc 1,498 wakaiweka kwenye Demio. Gari ile ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Japani, 2014 kwa 2015. Injini hiyohiyo utaikuta kwenye CX-3 za mwanzo na baadhi ya Axela, kwa hiyo haya nitakayosema kuhusu masizi yanawahusu na wenye hizo.

Ziko pia Golf na Polo za dizeli kutoka Uingereza, usukani upande wetu. Nilipanda moja ya jirani, inakaa barabarani vizuri sana. Lakini nilipouliza bei ya nozeli, ile ya kupulizia dizeli kwenye injini, na nikaambiwa hapa Mwanza haipo mpaka iagizwe, nikarudi kwenye Mjapani.

Jambo la kodi msilipuuze. TRA wana ushuru wa ziada wa uchakavu: gari yenye miaka 8 hadi 10 inaongezewa asilimia 15, ikizidi miaka 10 ni asilimia 30. Maana yake Demio za 2014 na 2015 unazoziona kwa bei ya mteremko kwenye minada ya Japani, zikifika bandarini mteremko unakwisha. Ama uchukue ya mwaka wa juu zaidi, ama utafute iliyokwishaingia nchini. Mimi nilichukua namba E, ya mwaka 2015, kwa mtu wa Dar aliyekuwa anahamia gari kubwa. Milioni kumi na tano na ushee, baada ya kuvutana sana.

Sasa barabarani. Gari ni ndogo lakini inavuta, jamani. Nguvu ya mzunguko ni Nm 250 kwenye ile ya gia za otomatiki, na inaipata mapema, kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika. Kiasi hicho unakitegemea kwenye petroli ya lita mbili na nusu. Kwa lugha ya barabara ya Musoma: ukiwa nyuma ya Fuso limebeba mpunga, ukiona mbele kweupe, unagusa tu mafuta na umeshapita, wakati Raum ilikuwa inalia kwanza, inafikiri, ndipo inaondoka. Mlima wa Bugando inapanda bila kupiga kelele. Giaboksi ni ya otomatiki yenye gia sita za kawaida, si ile ya mkanda (CVT), na hilo fundi wangu alilipongeza kuliko kitu kingine chochote.

Mafuta: karatasi ya kiwandani inasema kilomita 26.4 kwa lita kwa otomatiki, na 30 kwa ya gia za mkono. Hizo ni za maabara ya Japani, msizibebe kichwani. Mimi njia ya Geita nikiwa na mzigo, nikitii 50 ya vijijini (tochi za trafiki zinahakikisha unatii), napata kati ya 18 na 20. Mjini inashuka hadi 13. Hiyo 13 ikariri, nitairudia.

Tukipiga hesabu ya mwezi wangu: tuseme kilomita 2,400. Kwa Raum ni lita 218 hivi. Kwa Demio, nikichanganya mji na safari nikapata 18, ni lita 133. Tofauti ni lita 85. Bei za mafuta za EWURA zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na petroli na dizeli zinapishana juu na chini, sasa nikichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, ni 255,000 zinazobaki mfukoni kila mwezi. Na tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo anayetumia lita chache analipa kidogo hata huko.

Hapo ndipo madalali wanaposimamisha hadithi. Mimi naendelea, kwa sababu kimbembe cha gari hii ni masizi.

Injini ya dizeli inatoa masizi, na kwenye ekzosi ya Demio kuna chujio la kuyakamata, hilo mafundi wanaliita DPF. Chujio likijaa, kompyuta ya gari inalisafisha yenyewe: inapuliza dizeli ya ziada, joto la moshi linapanda hadi nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua. Kazi hiyo inataka dakika kumi na tano, ishirini za mwendo usiokatika. Hakuna taa inayowaka kukuambia, lakini ukiizoea gari unajua. Ile tabia ya injini kujizima kwenye foleni inaacha, namba ya kilomita kwa lita kwenye dashibodi inashuka ghafla, na ukizima wakati huo feni inaendelea kuzunguka na chini ya gari kunanuka joto. Ukiona hivyo na hujafika mbali, usizime. Endelea, zunguka hata mpaka Igoma urudi.

Sasa mtu wa safari fupi anaizima kila mara katikati ya usafi. Kesho inaanza upya, anazima tena. Ile dizeli ya ziada isiyoungua inateleza ukutani mwa silinda na kushuka kwenye oili. Oili inapanda badala ya kupungua, na inakuwa nyepesi kama maji ya mchele. Huku juu, masizi yanayorudishwa na EGR, yaani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, yanajipaka kwenye njia ya hewa, yanaganda, njia inakuwa nyembamba, injini inakosa pumzi, masizi yanazidi. Fundi wangu alinifungulia njia ya hewa ya CX-3 moja iliyokuja gereji ikiwa haina nguvu. Tundu ambalo lilitakiwa kupitisha vidole viwili vya mwanamume lilikuwa linapitisha kalamu. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kigumu kwa nje na kilaini kwa ndani, akawa anakichokoa na bisibisi huku kinadondoka vipandevipande kwenye beseni. Mwenye gari alikuwa mtu wa Capri Point, ofisi yake mjini katikati. Kilomita ngapi hizo kwa siku? Hata gari haijachangamka.

Kwa upande wangu, daraja la Kigongo–Busisi limenisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Zamani nikienda Sengerema nilikuwa nasubiri kivuko, injini inaunguruma bila kwenda, na hakuna kinachojaza masizi kama kuunguruma umesimama. Tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025, napita Kisesa, nashika Usagara, nakata kulia, navuka zile kilomita tatu juu ya maji bila kukanyaga breki, na nikifika Sengerema gari imeshajisafisha kama ilihitaji. Waliokuwa wakibishana kama daraja lina faida kwa mtu wa kawaida, waniulize mimi.

Mazda wenyewe wanalijua tatizo. Mwaka 2018 waliyaita yarudi kurekebishwa magari ya dizeli zaidi ya 200,000 huko Japani, kwa sababu ya springi za valvu za moshi na masizi yanayojikusanya hapo. Kwa hiyo unaponunua, chukua namba ya chesisi, inaanza na DJ5FS, ingia kwenye tovuti ya Mazda ya Japani uiandike, watakuonyesha kama kazi ilifanyika au la. Ni Kijapani kitupu, lakini simu yako inatafsiri. Muuzaji anayekwambia "mama, hiyo haina haja" ujue ina haja.

Ukaguzi wenyewe ufanye asubuhi na injini ikiwa baridi. Si "imewaka sasa hivi tu nilikuwa naisogeza". Baridi. Weka mkono kwenye boneti kabla ya kitu kingine. Ukimkuta muuzaji ameshaiwasha, sema utarudi kesho. Vuta kijiti cha oili: kina alama ya chini, alama ya F, na juu yake kuna alama ya X ambayo Mazda waliiweka makusudi kwa ajili ya ule mpando niliousema. Oili ikikaribia X, au ukiisugua vidoleni ukainusa ikanuka sheli, gari hiyo imeishi maisha ya mjini, hata kama dashibodi inasema kilomita 60,000. Nadhani 60,000 za mjini ni mbaya kuliko 130,000 za barabara kuu, na aliyeniuzia Demio yangu alikuwa mtu wa safari za Dar–Morogoro, ndicho kilichonishawishi kuliko rangi.

Kisha iwashwe mbele yako. Iwake mara moja, itulie, isitikisike. Moshi mweupe unaokataa kuisha, hapana. Mluzi mkali wa tabo (turbo) ukikanyaga mafuta, hapana. Baada ya hapo unamlipa fundi mwenye mashine ya kupimia, na umwambie asikusomee makosa tu, maana makosa yanafutwa nusu saa kabla hujafika. Akuangalizie gari inajisafisha kila baada ya kilomita ngapi. Yangu siku ya kupimwa ilikuwa inapita 200. Ukiambiwa inajisafisha kila kilomita sitini, sabini, chujio au nozeli zimechoka na bei ishuke kwa mamilioni, si kwa laki.

Kuna mafundi watakaokwambia suluhisho ni kuing'oa DPF na kuidanganya kompyuta. Mjini wamejaa. Kwanza moshi unaotoka hapo unamvuta mtoto wako aliyekaa siti ya nyuma. Pili, sijaona gari iliyofanyiwa hivyo ikatulia. Leo taa ya injini, kesho haina nguvu. Ukikuta gari imeshang'olewa, usinunue, hata muuzaji akiitaja kama sifa. Na wanaitaja!

Oili usiichezee. Inatakiwa ile ya majivu machache, kwenye kopo la Kijapani imeandikwa DL-1, ukikosa tafuta yenye alama ya C3. Oili ya lori, hata iwe nzuri namna gani kwenye lori, inaziba chujio kwa majivu ambayo hayaungui. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na bei yake ni karibu mara mbili ya niliyokuwa naweka kwenye Raum. Hiyo itoe kwenye zile 255,000. Toa pia filta ya dizeli, ambayo huku kwetu hungojei kitabu kiseme. Bado inabaki ya kutosha.

Kuhusu dizeli yenyewe, wakubwa mnakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa rahisi na kila tanki lilikuwa la mashaka. EWURA wakaleta vinasaba, ile alama ya kutambua mafuta halali, Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, hali ikatulia. Lakini ukienda vijijini pembezoni mwa ziwa bado utakuta dizeli ya madumu, inayouzwa kwa ajili ya mashine za kusaga na boti. Land Cruiser ya zamani inaweza kuimeza. Demio nozeli zake zinafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, tone la maji linatosha kuziua. Ondoka na tanki lililojaa, basi.

Maudhi madogo yapo. Iko chini. Barabara za mawe za vilimani, Igogo na Isamilo, unapanda ukiwa umeshika roho, na mvua ikishachimba kingo, tumbo linagusa. Kinga ya plastiki ya chini ya injini yangu imeshafungwa waya. Ilikuja bila tairi ya akiba, kuna chupa ya dawa ya pancha na pampu tu, jambo ambalo Mjapani analiona sawa kwa sababu hajawahi kupata pancha Nyang'hwale saa kumi na mbili jioni. Nimenunua ringi na tairi nikalaza kwenye buti, na nafasi ya boksi moja la chanjo imekwenda. Tafuta yenye ringi za 15. Zile za 16 zinapendeza, lakini saizi yake, 185/60, utazunguka maduka mpaka uchoke. Redio ni ya masafa ya Japani, skrini inaongea Kijapani na ramani yake ni ya Japani. Mwanangu anasema imemfundisha hesabu za Kijapani moja hadi tano, basi na iwe hivyo.

Siti ya nyuma ni ya watoto, au ya watu wazima wanaopendana.

Wifi yangu aliiona, akaipanda mpaka Magu, akapagawa na ile nguvu. Akaniambia nimtafutie na yeye. Nikamkatalia. Anakaa Kirumba, anafundisha shule ya jirani, gari yake inatembea kilomita nane kwa siku ikizidi sana. Kumbuka ile 13 ya mjini: Vitz ya cc 1,000 inampa 13 au 14 palepale mjini, oili ya kawaida, spea kila kona ya Makoroboi, na masizi hayamhusu. Kwake dizeli ingekula hela badala ya kuiokoa. Alininunia wiki nzima, akasema namwonea wivu, mwishowe akachukua Vitz ya bluu.

La kuuza tena ndilo linalobaki. Nilipeleka yangu kwa dalali mmoja nijue tu thamani yake. Akazunguka, akafungua mlango, akapiga tairi teke, akauliza, "Dizeli hii?" Nikamwambia ndiyo. "Mazda?" Ndiyo. Akashusha milioni tatu bila hata kufungua boneti. Hawataki kujifunza gari mpya, wanataka IST inayouzwa kabla haijaoshwa. Kwa anayeuza hiyo ni hasara, lakini kwa wewe unayenunua ndiyo silaha. Ukishaikagua ikiwa baridi, kijiti kikasema vizuri na mashine ikasema vizuri, mwulize muuzaji maswali hayohayo mawili kwa sauti ya dalali, dizeli hii, Mazda, halafu nyamaza umwache ashushe mwenyewe.